Suiti ya tatu ya Bach (namba yake kwenye orodha ya kazi zake ni BWV 1068): hizi ni ngoma za kuchezwa au za kusikilizwa tu?

Fidla_Machame

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Napiga fidla kanisani kwetu Machame. Mwezi ujao binti wa mwalimu wetu wa kwaya anaolewa na ameomba aingie na ile Air ya Bach. Tupo fidla mbili, viola moja na kijana wa kinanda. Sello, ile fidla kubwa ya sauti ya chini, hatuna. Nota nimezipata, lakini nikaona si vizuri kupiga kipande kimoja bila kujua kimetolewa wapi, nikaitafuta kazi nzima: suiti ya tatu ya okestra, re meja. Nimeisikiliza usiku na mchana wiki hii na imenikaa kichwani.

Sasa naomba mnisaidie. Inaitwa suiti ya ngoma za kucheza, lakini inaanza na kitu kizito, tarumbeta na ngoma za shaba, halafu ghafla wote wanakimbia, halafu uzito unarudi. Hapo nani anacheza? Ikifuata Air, tarumbeta zote kimya, na inasikika kama sala. Baada ya hapo gavoti mbili, burei na jigi. Gavoti na burei zote zina mapigo mawili, nahesabu sawasawa kabisa, lakini mwili unasema si kitu kimoja. Tofauti iko wapi hasa?

Na kuhusu Air yenyewe, rekodi nilizosikia hazipatani. Moja inatambaa, nyingine inatembea. Nifuate ipi? Nataka siku hiyo ipigwe vizuri.

DadaSello

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha sana. Mimi ni mtu wa Tanga, napiga sello, na kwa sasa naishi Leipzig, mji ambao Bach alifanya kazi tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Suiti hii naijua kutokea chini, kwenye besi, na naamini kabisa kwamba anayetaka kuielewa aanzie huko chini na kwenye miguu ya wachezaji. Utamu wa fidla ya kwanza utakuja wenyewe.

Nianze na mahali, kwa sababu wengi wakisikia jina la Bach wanaona kanisa tu. Kuanzia 1729 aliongoza pia Collegium Musicum, kundi la wanafunzi wa chuo na wanamuziki wa mjini ambalo mtunzi mwenzake Telemann alilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1700. Walikuwa wakipiga Ijumaa jioni kwenye nyumba ya kahawa ya Gottfried Zimmermann, mtaa wa Katharinenstraße, na majira ya joto wakahamia kwenye bustani yake nje ya mji. Nyumba ile haipo tena, iliteketea kwa mabomu Desemba 1943. Karatasi za zamani kabisa za suiti hii ni za karibu 1730, yaani miaka hiyohiyo, na zinaonyesha haraka ya nyumba yenye kazi nyingi: Bach mwenyewe aliandika fidla ya kwanza na besi, mwanawe Carl Philipp Emanuel, kijana wa miaka kama 16, akaandika tarumbeta, obo (aina ya filimbi ya mbao) na timpani (zile ngoma za shaba), na mwanafunzi wake Johann Ludwig Krebs akaandika fidla ya pili na viola. Kwa hiyo piga picha kichwani: watu wamekaa mezani, kahawa mbele yao, vijana wanapiga. Hakuna anayecheza sakafuni.

Lakini kila aliyekaa pale alizijua hatua. Gavoti, burei na minueti zilikuwa ngoma hai za majumba ya Ulaya, na tangu 1700 Raoul-Auger Feuillet alikuwa amechapisha jijini Paris njia ya kuziandika hatua zake kwa michoro. Mtu wa Tanga au Mombasa akiwa amekaa zake kwenye kiti, mdundo wa chakacha ukianza bega linajibu kabla hajaamua. Wale watu wa Leipzig nao walisikiliza kwa namna hiyo. Bach anaandika kwa masikio ambayo tayari yana miguu, na anaweza kuichezea hiyo miguu, kuichelewesha, kuishtua, kwa sababu ana hakika wanajua hatua inayofuata.

Mwanzo mzito unaouliza ni uvetura ya Kifaransa. Umbo lake alilikomaza Jean-Baptiste Lully, mzaliwa wa Florence aliyekuja kuwa bwana wa muziki wa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, na mfalme yule alikuwa mchezaji hodari jukwaani katika ujana wake. Noti ndefu, kisha noti fupi sana inayorukia noti ndefu inayofuata: huo ni mwendo wa mkubwa anayeingia na watu wanasimama. Halafu inakuja fuga, mbio, sauti moja inaanza na nyingine inaidaka. Sikiliza vizuri katikati ya hizo mbio: tarumbeta zinanyamaza na fidla ya kwanza inachomoka karibu peke yake, kana kwamba tumehamia kwenye konseto ya Kitaliano, ambako chombo kimoja kinatangulia na okestra inajibu. Kisha mkubwa anarudi. Wajerumani waliipenda sana sehemu hii hadi suiti nzima wakaiita uvetura, na Telemann peke yake ameacha zaidi ya 100 za namna hii. Mwaka 1830 mtunzi Mendelssohn, akiwa na miaka 21, alimpigia mshairi Goethe uvetura hii kwenye piano mjini Weimar. Mzee akasema anawaona watu waliovaa vizuri wakishuka ngazi kubwa kwa msafara. Mimi nikipiga zile besi za mwanzo siwezi tena kuona kitu kingine.

Sasa gavoti na burei. Umeshasema mwenyewe mwili umeona tofauti, na mwili uko sahihi. Tofauti iko kwenye mahali sentensi inapoanzia. Burei inaanza na robo moja tu (noti ya robo) kabla ya pigo zito, lile la kwanza la kipimo, yaani la fungu la mapigo kati ya mstari na mstari: inajikwaa kidogo na kuingia, inaenda. Gavoti inaanza katikati ya kipimo, robo mbili nzima kabla ya pigo zito. Maana yake sentensi yote ya gavoti inakaa kwa kuvuka mstari wa kipimo, na inakwenda kupumzika katikati ya kipimo kingine. Ukihesabu moja-mbili kwa kuanza na noti unayoiona kwanza, umeshaiua. Jaribu hivi: simama, imba mwanzo wa gavoti ya kwanza, zile noti mbili uziimbe visigino vikiwa juu, halafu shuka na mguu mzima kwenye pigo zito. Fanya vivyo hivyo na burei, utaona hakuna muda wa kuinuka vile, unasukumwa tu. Johann Mattheson, mtunzi na mwandishi wa muziki wa Hamburg, aliandika mwaka 1739 kwamba gavoti ni furaha ya kushangilia na asili yake ni kurukaruka, na burei akaipa hali ya kuridhika, mtu asiye na wasiwasi. Shika maneno hayo mawili, kushangilia na kuridhika, utajua kasi bila kuuliza mtu.

Kuhusu Air nitarudi, natakiwa mazoezini.

MzeeTarumbeta

Kijana wa Machame, mimi nilipiga tarumbeta bendi ya polisi hadi nikastaafu, na sasa nafundisha vijana wa kanisani. Naomba nikueleze upande wa tarumbeta, kwa sababu watu huzisikia kama mapambo na hawajui kazi iliyopo pale.

Tarumbeta ya wakati wa Bach haina vitufe vya kubonyeza. Ni bomba tupu lililokunjwa, na ile ya re ukiinyoosha inapita mita mbili. Yetu ya leo ya si-bemoli haifiki mita moja na nusu. Bomba tupu linatoa noti zake za asili tu. Chini ziko mbalimbali: do, sol, do, mi, sol, zile za baragumu ya kijeshi (do hapa ni noti ya msingi ya bomba lenyewe). Huwezi kupata wimbo hapo. Ukipanda juu sana, kuanzia noti ya nane, ndipo zinakaribiana: do, re, mi, fa, sol, la, ti, do. Ndiyo maana Bach anawapandisha kule juu. Kule tu ndiko kuna wimbo. Na hata kule, fa inatoka juu kuliko inavyotakiwa na la inatoka chini, mpigaji anazirekebisha kwa midomo, huku akikimbia. Mnaopiga kwaya mnajua ilivyo kazi kushika fa safi kwa sauti yenu wenyewe. Sasa fikirieni kwa bomba la shaba.

Hapo pia unapata jibu la kwa nini re meja. Tarumbeta za re na timpani mbili, moja re na moja la, ndizo zilizokuwepo. Fidla nazo zina nyuzi za re na la zikiwa wazi, zinalia zenyewe.

Mkuu wa wapigaji wa mji wa Leipzig alikuwa Gottfried Reiche. Ipo picha yake aliyochora Elias Gottlob Haussmann, huyohuyo aliyemchora Bach: ameshika tarumbeta iliyoviringishwa mkono mmoja na karatasi ya nota mkono mwingine. Oktoba 1734 alipiga usiku kwenye sherehe ya mfalme, katikati ya moshi wa mienge, na kesho yake akaanguka akafa karibu na nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 67. Huwa nawaambia vijana wangu habari ya huyu mtu kabla hawajaigusa nota yoyote ya juu, ili wajue pumzi ni kitu cha kuheshimiwa.

Na wewe uko Machame. Wamisionari wa Leipzig walifika hapo 1893. Bendi zetu za tarumbeta za Kilutheri na Bach wametoka kwenye kanisa moja, kwa hiyo muziki huu usiuone wa watu wengine.

Kwaya_Mbeya

Asanteni kwa maelezo, nimejifunza. Ila kwenye Air mimi nasimama upande wa polepole. Bibi harusi anaingia, watu wanalia, mama yake analia, acheni ile noti ya kwanza ikae. Ukiiharakisha unaondoa utukufu wote. Nimeisikia kwa fidla moja tu na kinanda, kwenye uzi wa chini kabisa, polepole sana, na kanisa zima halikupumua.

Fidla_Machame

Nashukuru mno. Dada, nimejaribu ile ya visigino hapa chumbani na gavoti imefunguka palepale! Mzee wangu, shikamoo, sikujua kabisa habari za fa na la. Nimerudia kusikiliza na sasa nawaonea fahari.

Nasubiri la Air. Na swali dogo: kukosa sello ni tatizo kubwa? Na wakitoka kanisani tupige nini?

DadaSello

Nimerudi. Mzee shikamoo, umenieleza vitu nilivyokuwa navisikia nyuma ya kiti changu kila siku. Niongeze kimoja: wapo wataalamu wanaoamini suiti hii ilianza kama kazi ya nyuzi na besi tu, na tarumbeta, timpani na obo zikaongezwa baadaye. Ukifuata nota unaona kwa nini wanasema hivyo, maana mara nyingi tarumbeta zinapigilia msumari jambo ambalo nyuzi zimeshalisema. Lakini sitaki kuisikia bila hizo tarumbeta. Air inapata nafasi yake kwa sababu yao. Umetoka kwenye uvetura masikio yamejaa shaba, ghafla zinabaki sauti nne za nyuzi, na baada yake gavoti inakuamsha tena. Ukiitoa Air pale na kuisikiliza peke yake inakuwa huzuni. Ikikaa mahali pake ni utulivu wa mtu mwenye furaha.

Mpendwa wa Mbeya, uliyoisikia ni kazi ya August Wilhelmj, mpiga fidla Mjerumani. Mwaka 1871 aliichukua Air, akaishusha kutoka re hadi do, na kuifanya wimbo wa fidla moja kwenye uzi wa chini. Ni nzuri, na naelewa kanisa kutopumua. Lakini ni wazo la mtu wa karne nyingine. Bach hakuandika mwimbaji mmoja na wasindikizaji. Angalia fidla ya pili: fidla ya kwanza inaposimama kwenye noti ndefu, ya pili inasogea, na ya pili ikitulia ya kwanza inajibu. Viola nayo ina safari yake. Ukienda polepole mno yale mazungumzo yanakatika na unabaki na noti ndefu moja na watu watatu wanaosubiri.

Na besi! Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kuliko mahali popote. Kipimo cha kwanza fidla ya kwanza ina noti moja tu, fa diyezi, imeshikwa kipimo kizima na kuvuka hadi cha pili. Chini yake besi inapiga noti nane zilizo sawa: re, inaruka oktava hadi re ya juu, inashuka hatua moja, inaruka chini, inashuka tena, inaruka juu. Mguu mmoja chini, mmoja juu, bila kusimama. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna jina la ngoma juu ya kipande hiki, lakini ndani yake kuna hatua kama vingine vyote. Kasi sahihi ni ile ambayo noti hizo nane zinatembea na mapigo unayoyasikia ni manne. Ukijikuta unahesabu manane, umeshachelewa. Ile noti ya kwanza itakaa, usiogope. Itakaa vizuri zaidi ikiwa kuna kitu kinatembea chini yake. Na bibi harusi naye anatembea, hafungwi mahali pamoja.

Sello kukosekana si tatizo. Air imeandikwa kwa fidla ya kwanza, ya pili, viola na besi, basi. Tayari mnayo yote. Mwambie kijana wa kinanda aweke sauti ya ogani laini au hapsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi za kudonolewa) kama anayo, asiweke ile sauti ya nyuzi ya kinanda, itawafunika. Mkono wa kushoto upige besi peke yake, kila noti iachiwe kabla ya inayofuata, na mguu usiguse pedali. Mkono wa kulia akodi chache tu. Viola asijifiche. Ninyi wa fidla, upinde mwepesi, msitetemeshe kidole kwenye kila noti. Mtetemo uwe kama pambo, mahali unapohitajika.

Jambo la mpangilio: sehemu ya kwanza ina vipimo 6, ya pili 12, kila moja inarudiwa. Mkipiga bila kurudia ni vipimo 18. Pangeni mapema na msimamizi wa msafara. Akifika madhabahuni mapema, msikate mwishoni mwa sehemu ya kwanza, kwa sababu hapo muziki umesimama kwenye la, haujafika nyumbani, na watu watahisi mlango umeachwa wazi hata kama hawajui sababu. Mwisho salama ni wa sehemu ya pili tu. Akichelewa, rudieni sehemu ya pili, ina mwendo mrefu na haichoshi.

Wakati wa kutoka, pigeni gavoti ya kwanza. Jigi inavutia, ila ni ya mapigo sita-kwa-nane na fidla ya kwanza haipati pumzi. Kwa mwezi mmoja wa mazoezi nisingewashauri. Kama Mzee wa tarumbeta yuko karibu na Machame au ana kijana anayeweza kupanda, mwombeni tarumbeta moja iingie kwenye gavoti. Ya kisasa yenye vitufe inatosha. Mtunzi Georg Muffat alieleza mwaka 1698 utaratibu wa wapigaji wa Lully: pigo zito la kipimo lipate upinde unaoshuka. Ufuateni kwenye gavoti. Zile noti mbili za mwanzo zipangeni ili pigo zito liangukie kwenye kushuka, na mazoezi ya kwanza muyafanye mkiwa mmesimama, vyombo mkiwa mmeviweka kando, mnaimba na kukanyaga hatua.

MzeeTarumbeta

Niko Boma Ng'ombe, si mbali. Ninaye binti mmoja mwenye midomo ya chuma na sikio safi. Nitumie nota ya gavoti kwa ujumbe, nimwandikie sauti yake kwa si-bemoli. Mazoezi ni lini?

Fidla_Machame

Mungu awabariki. Jumamosi saa nane mchana, hapa kanisani. Nota nakutumia sasa hivi, Mzee, pamoja na alama za upinde kama Dada alivyosema.